Kwenda Bodie, California: ushike barabara ya jimbo namba 270, Cottonwood Canyon au Masonic?

Bodie ni mji mahame wa wachimba dhahabu, sasa hifadhi ya jimbo, katika Kaunti ya Mono, mashariki mwa milima ya Sierra Nevada, kwenye mwinuko wa mita 2,554. Hakuna basi la umma la kwenda huko, wala treni, wala kituo cha mafuta. Unakwenda kwa gari lako au la kukodi, na ramani ya simu hukutandikia njia tatu, moja ikionekana fupi kuliko zenzake. Hiyo fupi ndiyo inayowaponza wengi.

Usizipime njia hizi kwa jumla ya maili. Zipime kwa maili za vumbi, maana hapo ndipo muda unapoliwa na tairi zinapokatika:

- Barabara ya jimbo namba 270: maili 13 (kilomita 21) kutoka barabara kuu ya US 395. Vumbi ni maili 3 za mwisho.
- Cottonwood Canyon: maili 10 hadi 11 (kilomita 16 hadi 18) kutoka barabara ya jimbo namba 167. Zote vumbi.
- Masonic: zaidi ya maili 20 (kilomita 32) za udongo na mawe kutoka upande wa mji wa Bridgeport.

Iko na ya nne, inayopenya bonde la Bodie Creek kuelekea mahame ya Aurora upande wa Nevada. Inakatiza kijito na haina anayeihudumia mara kwa mara. Kama huna gari la kazi hiyo na mwenzako wa kukufuata nyuma, isahau.

270: vumbi kidogo, na inatosha

Njiapanda yake iko maili 7 (kilomita 11) kusini mwa Bridgeport na maili 18 (kilomita 29) kaskazini mwa mji mdogo wa Lee Vining. Karibu na hapo, kando ya 395, kuna kibao cha kumbukumbu cha Dogtown, kambi ya wachimbaji iliyotangulia Bodie. Ukikiona kibao ujue umefika, punguza mwendo, maana magari ya 395 huenda maili 65 kwa saa na aliye nyuma yako hategemei kwamba utakata kona.

Sehemu inayotunzwa na jimbo ni maili 9.8, karibu kilomita 16. Ni lami ya njia mbili, nyembamba, isiyo na nafasi ya kuegesha pembeni. Mwanzoni inafuata bonde la kijito cha Clearwater, kona baada ya kona, kisha inapanda na kufunguka kwenye vilima vya vichaka vya kijivu visivyo na mti. Kupanda kwenyewe si kwa kutisha: zaidi ya mita 400 zilizogawanywa kwenye safari nzima. Gari lolote zima linapita kwa gia ya kawaida. Injini isiyo na tabo itajiona nzito, kwa sababu kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi na karibu robo ya nguvu yake haipo. Usidhani imeharibika.

Kisha lami inakatika. Pale inapokatika pana ukingo, na baada ya majira ya theluji ukingo huo huwa umemegeka. Ukiuingia kwa maili 40 kwa saa, rimu ndiyo itakayokujulisha. Shuka hadi maili 15 (kilomita 24) kabla ya vumbi, usisubiri uwe juu yake.

Maili hizo tatu hazina mashimo makubwa sana. Kero yake ni vijituta vilivyolala kuvuka barabara, vimejipanga kama bati la paa: kimo cha vidole viwili, na kati ya kimoja na kingine pana nafasi kama ya unyayo hadi hatua fupi. Vinazaliwa hivi. Gurudumu likikuta kokoto linaruka kidogo, likitua linasukuma mchanga mbele na kuacha kishimo, gari linalofuata linarukia palepale, na kila gari linaongeza chake. Greda likipita barabara inanyooka, lakini ardhi ikikauka na magari yakianza kumiminika, vijituta vinarudi.

Kuna wanaosema dawa yake ni kukanyaga mafuta ili gari liruke juu kwa juu. Ni kweli kwamba kwa maili 40 mtetemo unapungua. Dashibodi inanyamaza na usukani unakuwa mwepesi. Wepesi huo ndio hatari yenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda tairi haigusi ardhi. Ukifika kwenye kona au ukikutana na basi dogo la watalii, breki haina kitu cha kushika na mkia wa gari unateleza kwenda nje. Kwa maili 15 kwa saa unatumia dakika 12. Kwa mwendo wa kujaribu bahati utaokoa dakika 7 au 8. Haziuziki kwa bei hiyo.

Kinachoharibika zaidi kwenye maili hizi tatu ni ubavu wa tairi, unaokatwa na mawe yaliyosukumwa pembeni na greda. Katikati, tairi inakanyaga jiwe kwa sehemu yake nene. Ukisogea pembeni kumpisha mwingine, jiwe linaingia ubavuni palipo pembamba. Kwa hiyo ukipishana, simama kabisa au nenda taratibu mno, na usikumbatie ukingo. Kinachofuata ni kioo cha mbele kupigwa kokoto na gari linalokuja kwa kasi, halafu plastiki ya uvunguni kulegea skrubu na kuanza kuburuza. Hiyo ya tatu haitakulaza njiani. Ikaze au ifunge kwa kamba.

Vumbi nalo lina kanuni yake. Funga madirisha, weka feni izungushe hewa ya ndani, na mwache aliye mbele yako aende mpaka wingu lake lianze kutua. Kumfuata nyuma yake ni kuendesha umefumba macho.

Cottonwood Canyon: njia ya mkato isiyokata kitu

Hii inaanzia kwenye barabara nyingine ya jimbo, namba 167, inayotoka US 395 maili 7 kaskazini mwa Lee Vining na kunyooka mashariki juu ya ukingo wa kaskazini wa ziwa Mono hadi mpaka wa Nevada, maili 21 na ushei. Ukiingia 167, nenda karibu maili 7, kisha kata kushoto. Kuanzia hapo ni vumbi hadi Bodie.

Mtu anayetoka Lee Vining akitazama ramani anavutika, na si kosa lake. Kwa 270 ni maili 31 (kilomita 50). Kwa Cottonwood ni kama maili 25 (kilomita 40). Kilomita 10 zimeokoka! Sasa weka saa mezani. Kwa 270: dakika 20 za 395, dakika 15 za lami ya vilimani, dakika 12 za vumbi. Jumla dakika 47 hivi. Kwa Cottonwood: dakika 15 za lami, halafu maili 10 au 11 kwa wastani wa maili 15 hadi 18, yaani dakika 35 hadi 44. Jumla ni dakika 50 hadi 60. Umefupisha njia, umerefusha safari, na umezidisha vumbi zaidi ya mara tatu.

Anayetoka Hawthorne, Nevada, ana hoja nzito kidogo. Barabara ya Nevada namba 359 ni maili 34 hadi mpaka na inaendelea moja kwa moja kuwa 167. Kwa Cottonwood anafika Bodie kwa kama maili 60 (kilomita 97). Akizunguka hadi 395 na kupanda 270 ni kama maili 79 (kilomita 127). Kilomita 30 si haba. Hata hivyo kwa saa njia hizo mbili zinakaribiana, tofauti haifiki robo saa, kwa sababu maili 11 za vumbi zinakula karibu zote zilizookolewa. Akiwa na gari la juu na ardhi ni kavu, apite Cottonwood. Akiwa na gari dogo la kukodi, azunguke.

Barabara yenyewe ikoje? Chini, karibu na 167, ni tambarare yenye mchanga, na ukisimama katikati ya mchanga mlaini tairi za mbele zinaweza kuanza kujichimbia. Dawa ni kutosimama: shika mwendo mdogo usiokatika, usikate usukani ghafla. Juu kidogo inabana kwenye bonde na mawe yanajitokeza. Hapo nafasi kati ya uvungu na ardhi inahesabika. Gari lenye sentimita 20 linapita bila wasiwasi. Gari la saluni lenye sentimita 13 au 14 litapita siku nyingi, na siku moja litaacha sampo ya oili njiani.

Adui wa kweli wa Cottonwood ni maji. Theluji inapoyeyuka, na kwenye mvua za radi za alasiri za Julai na Agosti, udongo unalainika na kushika tairi hadi kashata za tairi zinajaa na kuwa laini kama sabuni. Gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne nalo linateleza. Linateleza kwa miguu minne badala ya miwili tu. Ukiona wingu jeusi limekaa juu ya vilima vya Bodie saa 8 mchana, usiingie.

Lakini tusiionee. Cottonwood ina kitu kimoja ambacho 270 haina: mandhari, tena ya kushuka. Ukitoka Bodie kwenda kusini, ziwa Mono linafunguka lote mbele yako na ukuta wa Sierra nyuma yake. Ukipanda kwa njia hiyo, yote hayo yako kisogoni. Ndiyo maana mpango mzuri kwa mwenye gari la juu, siku kavu, anayelala Lee Vining, ni kupanda kwa 270 na kushuka kwa Cottonwood. Unakuwa umeshaona hali ya ardhi kwenye maili tatu za vumbi za 270, na getini unaweza kumuuliza mhifadhi kama Cottonwood inapitika siku hiyo. Ukipanda kwayo bila kuuliza, utajua hali yake ukiwa umeshafika katikati.

Na si upande mgeni kwa Bodie. Reli ya mwaka 1881, maili 32 kutoka Mono Mills, ilipanda mji huu ikitokea kusini, ikileta kuni na mbao. Vilima vya Bodie havina miti, na migodi ilikuwa inakula kuni kama moto wa msitu.

Masonic: safari inayojitegemea

Usiihesabu Masonic kama njia ya kufika Bodie. Ihesabu kama shughuli ya nusu siku ambayo mwisho wake ni Bodie. Unatoka Bridgeport kwa barabara ya jimbo namba 182, inayopita kando ya bwawa la Bridgeport kuelekea Nevada, kisha unaiacha lami kupanda hadi mabaki ya kambi ya dhahabu ya Masonic, halafu unafuata migongo ya vilima kusini hadi Bodie. Wastani ni maili 10 hadi 15 kwa saa, kwa hiyo saa 2 ni hesabu ya kawaida. Kwa 270, kutoka Bridgeport ni maili 20 (kilomita 32) na dakika 35.

Ukiitaka, nenda na gari la juu lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, tairi la akiba la ukubwa kamili, sepeto, lita 8 za maji, na tangi lisilo chini ya nusu. Theluji hukaa kwenye pande zenye kivuli hata pale ambapo 270 imeshafunguliwa. Unaweza kuendesha saa nzima kwenye udongo mkavu, ukipinda kona moja ya upande wa kaskazini ukakuta lundo limeziba njia yote, na hakuna pa kugeuzia. Hapo ni kurudi kinyumenyume.

Tairi na mkataba, kabla hujaondoka

Fungua buti uangalie tairi la akiba kwa macho yako. Magari mengi ya siku hizi yana tairi jembamba la dharura lisiloruhusiwa kupita maili 50 kwa saa, na mengine hayana kabisa: kuna chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari. Ubavu uliokatwa na jiwe hauzibi. Mwenye chupa tu abaki 270, ambako akipata pancha kubwa yuko ndani ya kilomita 5 za lami na magari yanapita kila baada ya dakika chache. Cottonwood siku ya kazi unaweza kukaa muda mrefu bila kuona mtu, na Bodie hakuna mtandao wa simu.

Upepo wa tairi unadanganya ukitoka pwani. Ukijaza psi 35 San Francisco, Bodie geji itasoma karibu psi 4 zaidi, kwa kuwa hewa ya nje imepungua kani. Baridi inafanya kinyume: kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi zinazoshuka zinaondoa psi 1. Asubuhi ya baridi mambo hayo mawili yanafutana. Mchana wa Julai hayafutani, na tairi iliyojaa kama jiwe inarusharusha gari kwenye vijituta. Kwa maili 3 za 270 iache ilivyo, upunguze mwendo. Kwa Cottonwood shusha kutoka 35 hadi 28, ila tu kama una pampu ya kurudishia kabla ya kukimbia kwenye 395. Kuendesha maili 65 kwa saa na tairi laini ni kuipika.

Soma mkataba wa gari la kukodi. Mingi inakataza barabara isiyo na lami, na maneno hayo hayabagui maili 3 na maili 30. Watu hupita hivyohivyo, lakini ujue unachokubali: ukikwama, bili ya gari la kuvuta ni yako, na bima waliyokuuzia pale kaunta inaweza kugeuza uso. Kwenye 270 hatari hiyo ni ndogo kiasi cha kubebeka. Cottonwood, ambako gari la kuvuta lenyewe linasita kuingia, hesabu ni nyingine.

Msimu unaweza kukuchagulia

Theluji ikikaa, 270 inafungwa, na kwa kawaida hukaa imefungwa hadi masika. Hifadhi yenyewe haifungwi. Wanaoingia ni wenye pikipiki za theluji, ski au viatu vya theluji. Usikimbilie Cottonwood ukidhani ni mlango wa nyuma. Kama theluji imeshinda barabara yenye lami na greda za jimbo, ile ya vumbi tupu haiwezi kuwa wazi. Tazama ramani ya mtandaoni ya QuickMap ya Caltrans, idara ya barabara ya California, ungali Bridgeport au Lee Vining. Ikionyesha 270 imefungwa, habari imeisha.

Juni, vumbi bado limeshikana kwa unyevu na 270 iko katika hali yake nzuri. Septemba ni kavu, Cottonwood inapitika vizuri, na vijituta vya 270 viko kwenye kilele chake baada ya msongamano wa miezi ya joto. Oktoba ni nzuri kwa zote, mpaka theluji ya kwanza ianguke, nayo haitoi taarifa.

Kwa ufupi wa anayetoka wapi

Kutoka Reno, Carson City au San Francisco utaingilia Bridgeport: 270, bila mjadala. Kutoka Los Angeles, au Yosemite kupitia njia ya milimani ya Tioga, utaingilia Lee Vining: panda kwa 270, amua kuhusu Cottonwood ukiwa juu. Kutoka Hawthorne: angalia gari lako, kisha wingu. Mwenye trela au nyumba ya magurudumu, popote atokapo, asiiache 270, na kwenye vumbi ashuke hadi maili 10, kwa sababu ndani kila kabati litafunguka.

Jaza mafuta kabla ya kufika eneo hili, Gardnerville kwa wa kaskazini au Bishop kwa wa kusini. Bridgeport na Lee Vining yapo, kwa bei ya kuuma. Beba chakula, koti hata Julai, na dola 8 kwa mtu mzima na 5 kwa mtoto wa miaka 4 hadi 17. Geti hufunguliwa saa 3 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni miezi ya joto, saa 10 jioni miezi ya baridi. Ukitoka dakika za mwisho mwezi Oktoba, jua linakuwa chini na mbele yako lote: lami ya 270 inaelekea magharibi, kioo kimejaa vumbi la maili tatu, na kulungu wanaanza kuvuka. Futa kioo pale lami inapoanzia, kabla ya kona za Clearwater.